Barua za Jikoni: Kupunguza Fedha ya Chakula bila Kupunguza Sahani

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: familia itapunguzaje matumizi ya chakula bila watoto kulala na njaa au kudhoofika. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mama aliyeiandika alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: kwa siku saba mfululizo aliandika kila alichokinunua pamoja na bei yake, na kwa hiyo naweza kumjibu kwa hesabu.

Shilingi 20,000 kwa siku, na hazitoshi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga na mume wangu na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo, kwa hiyo tuko watu sita. Mume wangu huacha shilingi 20,000 kila asubuhi kwa ajili ya chakula, na ikifika jioni hakuna kinachobaki. Matunda nimeacha kununua tangu mwaka jana, maziwa nanunua mara mojamoja, na bado fedha haitoshi. Manunuzi yangu ya kila siku ni haya: mafuta ya kupima ya 1,500, sukari robo kilo kwa 800, mchele kilo moja kwa 3,000, sembe kilo moja kwa 2,000, na maandazi ya asubuhi ya 2,000. Maharage nanunua nusu kilo mara nne kwa wiki, kila mara 2,000. Zinazobaki huishia kwenye nyanya, vitunguu, mboga, samaki au nyama, na mkaa. Nimeulizia duka la jumla nikaambiwa dumu la mafuta la lita 5 ni 32,000, sukari 2,800 kwa kilo, mchele 2,500 kwa kilo, sembe 1,600 kwa kilo ukichukua mfuko, na maharage 3,000 kwa kilo. Mume wangu anataka tushuke hadi 15,000 kwa siku. Je, inawezekana bila kuwanyima watoto?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa daftari lako. Nimelisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba umeacha matunda. Nyumba nyingi zikibanwa huanza kukata matunda, kisha maziwa, kisha mboga ya pili, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana kama ziada, ilhali mafuta, sukari na maandazi, ambavyo ndivyo vinavyokula fedha kimyakimya, haviguswi kwa kuwa vinanunuliwa kwa shilingi mia tano mia tano. Kwako wewe kinachohitaji kubadilika kwanza ni namna ya kununua. Sahani tutaiangalia baadaye, na tukifika huko tutairudishia kitu.

Tuanze na mafuta. Shilingi 1,500 kwa siku ni shilingi 45,000 kwa mwezi, na dumu la lita 5 umeambiwa ni 32,000. Kwa hiyo ukinunua dumu unabakiza 13,000, mradi dumu hilo likae mwezi mzima. Lita 5 ukizigawa kwa siku 30 unapata vijiko vikubwa 11 kwa siku, karibu vijiko viwili kwa kila mtu, na hayo ni mafuta ya kutosha kabisa kwa nyumba ya watu sita. Hatari ya dumu ni kwamba mkono ukiona mafuta mengi humimina mengi. Mimi sipikii kutoka kwenye dumu. Kila asubuhi nachukua chupa ndogo niliyoitia alama ya wino pembeni, naijaza mpaka kwenye alama, na dumu linarudi chini ya meza. Chupa ikiisha kabla ya chakula cha usiku, basi usiku huo tunakula cha kuchemsha au cha nazi. Kwa siku chache za mwanzo niliona dhiki, lakini baadaye mkono ulizoea wenyewe.

Sukari ni vivyo hivyo. Robo kilo kwa siku kwa watu sita ni zaidi ya gramu 40 kwa kila mmoja, bila kuhesabu soda na juisi za dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25, yaani kama vijiko sita vya chai. Kwa mtoto kiwango ni cha chini zaidi. Nunua kilo 5 za mwezi kwa 14,000 badala ya hizo 24,000 unazotoa sasa, na kila mtu atabaki na gramu 28 hivi. Hapo umebakiza 10,000, na meno ya watoto pia yatapumzika.

Mchele kilo 30 kwa bei ya jumla utakupunguzia 15,000, sembe kilo 30 itakupunguzia 12,000, na maharage kilo 8 yatakupunguzia 8,000. Ukijumlisha na mafuta na sukari ni shilingi 58,000 kwa mwezi, na ukiacha hivyo vijiko vya sukari vilivyopungua kwenye chai, hakuna mtu mezani atakayejua kwamba kuna kilichobadilika.

Najua utaniuliza fedha ya kununulia vyote kwa mkupuo itatoka wapi, kwa maana ukivichukua kwa pamoja unahitaji 193,000, na mwenye kuachiwa 20,000 kila asubuhi hana 193,000. Hilo ndilo linaloziweka nyumba nyingi za mji huu kwenye manunuzi ya kidogokidogo, na si uvivu wala kutojua hesabu. Usijaribu kununua vyote mwezi wa kwanza. Anza na dumu la mafuta peke yake, hata kama itabidi mle dagaa na mchicha wiki nzima ili lipatikane. Ukishalipata, zile 1,500 za kila siku usizitumie, ziweke kwenye kopo, na baada ya siku kumi zitakuwa 15,000, yaani fedha ya sukari ya mwezi. Kutoka kwenye sukari utakwenda kwenye maharage, kisha sembe, na mchele uwe wa mwisho kwa kuwa ndio mzito zaidi mfukoni. Kama una majirani wawili mnaoaminiana, fanyeni mchezo wa chakula badala ya mchezo wa vyombo: mchango wa mwezi huu umnunulie mmoja, unaofuata mwingine. Na kaa na mumeo umwonyeshe daftari hili, kisha umwombe akuachie fedha ya wiki siku ya Jumatatu badala ya fedha ya siku. Nafahamu kwamba kwa wengine kipato kinaingia kwa siku na ombi hilo haliwezekani, lakini kama linawezekana, ndilo lenye faida kuliko yote.

Nafaka kafuateni Tandale, na mboga na matunda mvipate Buguruni, ambako kwa mtu wa Tabata si mbali. Nendeni watatu kwa bajaji moja ya kurudia, kwa sababu nauli ya mtu mmoja mwenye kilo 70 za mzigo inaweza kumeza faida yote. Na hapa naomba uwe macho. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua maharage sado mbili katika soko moja, muuzaji akanijazia mpaka yakamwagika pembeni, nikafurahi na kumshukuru. Nilipofika nyumbani nikayapima kwa mizani ya duka la jirani, nikakuta yamepungua karibu robo ya nilichotarajia. Wiki iliyofuata nilirudi, nikaomba kulishika lile kopo kabla halijajazwa, nikaingiza mkono ndani: kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikapanda juu kama mgongo wa kobe, ilhali kwa nje hakionekani kwa kuwa kopo limekaa juu ya gunia. Tangu siku hiyo kitu cha kupimika kwa mizani nanunua kwa mizani, na mizani natafuta yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Pale ambapo hakuna budi kununua kwa sado, naishika kwanza. Wauzaji waaminifu, nao ndio wengi, hawakasiriki.

Sasa mboga na viungo, ambavyo havinunuliki kwa mwezi. Hivi vinafuata msimu, na anayeujua msimu hulipa nusu ya anacholipa mwingine. Nyanya hupanda bei kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mvua nyingi huleta magonjwa shambani na njia za kuitoa Iringa na Lushoto huwa mbaya. Miezi ya kiangazi, hasa Julai hadi Oktoba, hushuka. Nyanya ikiwa ghali, usiwe mtumwa wake. Mchuzi wa dagaa unakubali ukwaju, maharage yanakubali nazi na kitunguu tu, na bamia inajitosheleza. Machungwa ya Muheza hujaa mjini kuanzia katikati ya mwaka, na maembe hufurika kuanzia Novemba au Desemba, wakati ambapo mananasi ya Kiwangwa nayo yanapatikana kwa wingi. Papai na ndizi mbivu hazikosekani mwaka mzima. Tunda la msimu hununuliwa kwa fungu, na fungu moja la machungwa linawatosha watoto watatu kwa siku mbili. Vitu vikavu navyo vina msimu: mpunga, mahindi na maharage mapya ya mikoani huanza kuingia sokoni kati ya Mei na Agosti, bei hushuka, kisha hupanda polepole mpaka Januari na Februari. Kwa hiyo ukijaliwa kununua akiba ya miezi miwili au mitatu kwa wakati mmoja, fanya hivyo mwezi wa Julai au Agosti.

Matembele usinunue kabisa kama una hata hatua mbili za ardhi au viroba vitatu vya udongo. Vikonyo unavyotupa baada ya kuchambua mboga ndivyo mbegu yake. Vichomeke kwenye udongo wenye unyevu, mwagilia maji uliyooshea mchele, na baada ya mwezi hivi utaanza kuchuma. Ukichuma, acha shina lichipue tena.

Maandazi ya 2,000 kila asubuhi ni 60,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya fedha yote tuliyoiokoa kwenye mchele, sembe na mafuta, na kinachopatikana ni ngano nyeupe, sukari na mafuta. Siwaambii muache chai na kitafunwa, maana mtoto hawezi kwenda shule na chai tupu. Lakini mihogo ya Mkuranga na Kisarawe, viazi vitamu na magimbi, vikichemshwa asubuhi au usiku wa kuamkia, hushibisha zaidi kwa nusu ya gharama, na Jumamosi unaweza kukanda maandazi yako mwenyewe ili watoto wasione kwamba wamenyang'anywa. Hapo unapata 30,000 nyingine.

Hizo 30,000 usizipeleke popote isipokuwa kwenye matunda, shilingi 1,000 kwa siku. Huo ndio ushauri wangu, na ninausisitiza kwa sababu una watoto watatu wanaokua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Kwa hesabu yako mwenyewe, baada ya kuongeza matunda na kutoa nauli ya bajaji, utatumia zaidi kidogo ya shilingi 18,000 kwa siku, na mtakuwa mnakula vizuri kuliko sasa. Kufika 15,000 kunawezekana pia, lakini kwa kupunguza samaki, mayai na mboga, na hilo nisingependa mlifanye. Mwambie baba watoto kwamba Shangazi anamsalimu, na anamwomba akubali hiyo 18,000.

Bila nyama watoto watakua?

*Mheshimiwa mwandishi, salaam. Mimi ni fundi seremala wa Mbagala mwenye watoto wanne. Mke wangu amepunguza nyama hadi mara moja kwa wiki, siku nyingine ni maharage, kunde na dagaa. Wageni wakija naona aibu, na nahofia watoto hawatakua vizuri. Je, dagaa na maharage vinaweza kweli kushika nafasi ya nyama?*

Ndugu yangu, salaam nimezipokea. Hofu yako ni ya baba anayejali, kwa hiyo nitakujibu bila kukuficha kitu. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina protini gramu 20 hivi. Dagaa wakavu, kwa kuwa maji yametoka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa sababu tunawala pamoja na mifupa yao, wanampa mtoto madini ya kalsiamu ambayo mnofu wa nyama hauna kwa kiasi hicho. Maharage makavu yana protini sawa na nyama au zaidi kidogo, ila yakichemshwa hunywa maji, kwa hiyo sahani ya maharage yaliyoiva inakuwa na chini ya nusu ya protini ya nyama kwa uzito uleule. Ndiyo maana sahani ya maharage iwe ya kujaa, wala usiyahesabu kama kitoweo cha vijiko viwili juu ya ugali. Tena protini ya maharage na ile ya mahindi au mchele hukamilishana, moja ikiwa na kile ambacho nyingine imepungukiwa, na kwa hiyo ugali na maharage walivyotuachia wazee wetu ni chakula chenye akili.

Kuna mambo mawili ambayo mkeo ayazingatie. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani mwili huyapokea kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini huyapokea vizuri zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya kunde au chungwa baada ya mlo. Chai ya rangi huzuia kazi hiyo, kwa hiyo isinywewe wakati wa kula; ikae mbali kwa saa moja au zaidi. La pili ni kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye maharage hata kidogo, bali kwenye samaki, mayai, maziwa na nyama, na hapo ndipo dagaa wanapowaokoa.

Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, wavuvi hupumzika, na siku chache baadaye sokoni dagaa wanapungua na bei inapanda. Mkeo akinunua akiba ya wiki mbili katika siku za giza hatalazimika kununua wakati wa bei ya juu. Achague wale wanaong'aa rangi ya fedha, wasio na harufu ya uvundo, na awatikise kidogo kiganjani aone kama kinabaki mchanga, kwa sababu mchanga nao unapimwa kwenye kilo na unalipiwa.

Nyama mara moja kwa wiki inatosha, na inaweza kuonekana mara mbili. Nusu kilo ya nyama yenye mfupa ikipikwa na ndizi mbichi au viazi siku ya Jumapili hutoa mchuzi mzito, na sehemu ya mchuzi huo ikitunzwa vizuri hupikiwa njegere kesho yake. Maini mara mojamoja ni bora kuliko steki kwa mtoto, kwa madini ya chuma na vitamini A. Ila mama mjamzito asiyale kwa wingi.

Kuhusu aibu ya wageni, ndugu yangu, naomba uitue. Nimekula katika nyumba nyingi za mji huu, za wenye nacho na za wasio nacho, na dagaa waliokaangwa kavu kwanza, wakawekwa kitunguu, nyanya na ndimu, kisha wakafungwa na tui zito, sijawahi kuona mgeni akiwaacha kwenye sahani. Msifie mkeo mbele ya hao wageni.

Gunia limeliwa na fukusi

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Gongo la Mboto. Nilifuata ushauri wa kununua kwa jumla, nikachukua gunia la mahindi mwezi wa Julai. Kufikia Oktoba lilikuwa limejaa fukusi na unga, na nusu nikatupa. Je, kununua kwa wingi kuna faida gani kwa hali hii ya Dar es Salaam?*

Marahaba mwalimu, na pole kwa hasara hiyo. Hewa ya pwani ina unyevu na joto, vitu viwili ambavyo fukusi na ukungu huvipenda, kwa hiyo mahindi yaliyokaa salama miezi sita kijijini yanaweza kuharibika hapa ndani ya miwili. Faida ipo, lakini kwa masharti.

Kwanza, mahindi yawe makavu kweli, unyevu usizidi asilimia 13. Nyumbani hatuna kipimo cha unyevu, ila kuna njia rahisi ya kukadiria. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi, hayafai kuhifadhiwa. Ikidondoka yote chini, ni makavu ya kutosha. Pili, yahifadhi kwenye ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo hukosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Kila ukifungua ufunge upya mara moja, tena uweke mfuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Kama huwezi kupata mfuko wa namna hiyo, basi usinunue gunia. Nunua ya mwezi mmoja.

Usisage yote kwa pamoja. Dona hubaki na kiini cha punje chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha, kwa hiyo peleka mashineni ya wiki mbili tu. Dona lenyewe ni la kuangaliwa kwa jicho la fedha pia: mahindi yakikobolewa kuwa sembe, karibu robo ya uzito uliolipia huondoka na pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B na nyuzinyuzi. Watoto wasiolipenda anza nao kwa nusu dona na nusu sembe.

Na lile neno la kutupa, mwalimu, nakuomba ulizingatie kwa uzito wake. Punje zilizoota ukungu, za kijani, za kijivu au nyeusi, zisiliwe na zisipewe kuku. Ukungu wa aina fulani huacha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuka. Karanga zina hatari hiyohiyo. Chambua kwenye ungo penye mwanga wa jua, taratibu, na punje unayoitilia shaka iweke kando. Hapo usihesabu hasara.

Maharage ni nafuu, gesi si nafuu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti ninayeishi peke yangu chumba kimoja Manzese, nafanya kazi saluni. Kila mtu ananiambia nile maharage ili nibane matumizi, lakini yanamaliza gesi yangu ya mtungi mdogo. Nifanyeje?*

Marahaba binti yangu. Umegusa jambo ambalo wengi tunaotoa ushauri huwa tunalisahau. Yaloweke kuanzia usiku, yakae kwa muda usiopungua saa nane, yamwage maji yale, uyapike kwa maji mapya, na chumvi na nyanya uziweke yakishalainika. Muda wa jikoni utapungua sana. Yakianza kuchemka, acha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto, hasa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi; yakilika nusu mbichi utatapika. Baada ya hapo funika vizuri, punguza moto, na yakikaribia kuiva zima kabisa, fungia sufuria ndani ya kanga nzito au blanketi kuukuu, yatamalizikia kwa joto lake.

Kama una friji, pika ya siku tatu kwa mara moja. Kama huna, pika ya mchana na usiku tu, na kabla ya kula usiku yachemshe tena mpaka yatokote, kwa maana joto la chumba cha Manzese huchachusha chakula kabla jua halijazama.

Lakini kwa kuwa uko peke yako, kuna njia ninayoiona bora kuliko hiyo. Katika magenge mengi ya uswahilini wapo akina mama wanaochemsha maharage kwa sufuria kubwa ya kuni au mkaa tangu alfajiri, na kuyauza kwa kikombe yakiwa yameiva, bila kuungwa. Mama wa Tabata mwenye watu sita nimemwambia anunue kilo nane. Kwa mtu mmoja hesabu inageuka, kwa sababu moto wa kuchemshia kikombe kimoja haupishani sana na wa kuchemshia vikombe kumi. Nunua kikombe kwa huyo mama jioni ukitoka kazini, yaonje kwanza kama hayajachacha, ukifika nyumbani uyaunge kwa kitunguu na nazi kwa dakika 10, na ile gesi iliyobaki uipikie mchicha.